Dogo ana akili kupita kiasi: shule ya kisasa itamfaa au itamchelewesha?

Mzazi akiuliza kwenye grupu la WhatsApp "jamani shule gani inamfaa mtoto mwenye akili sana", majibu yanakuja ya aina mbili. Kuna watakaomwambia mpeleke zile zinazofaulisha, zile ambazo mtoto anaamka saa kumi na nusu alfajiri kuwahi basi, Jumamosi yupo shule, darasa la nne tu tayari yuko kambi, na ripoti inakuja na namba kubwa juu kama jezi. Na kuna watakaosema hapana, usimuue mtoto kwa kukaririshwa, mpeleke zile shule za kisasa, Montessori, IB (mtaala wa kimataifa wa International Baccalaureate), zile ambazo hakuna mtihani kila Ijumaa na watoto wanajifunza kwa projekti. Mzazi anaiangalia ada ya hizo za pili, anashusha pumzi, halafu anajiambia mwanangu ni wa tofauti bwana, wacha nijibane.

Hapo kwenye "ni wa tofauti kwa hiyo apelekwe shule ya tofauti" ndipo watu wengi wanapotea, manake hivyo ni vitu viwili mbalimbali. Shule inaweza kuwa na uhuru wote duniani, bustani nzuri, madam anayepiga magoti kuongea na mtoto usawa wa macho, na bado mtoto wa miaka saba anayewaza kama wa kumi na moja akakaa humo miaka mitatu bila kujifunza hesabu hata moja mpya.

Kwanza tuzijue hizi shule zenyewe. Tunaziita za kisasa ila kiukweli zina umri kuliko bibi zetu. John Dewey, mwanafalsafa wa elimu wa Marekani, alifungua shule yake ya majaribio pale Chuo Kikuu cha Chicago mwaka 1896. Maria Montessori, daktari wa Kiitaliano, alianza tarehe 6 Januari 1907 kwenye mtaa wa San Lorenzo huko Roma, na watoto wake hawakuwa wa matajiri hata kidogo, walikuwa watoto wa maskini ambao wazazi wakienda vibaruani wao wanabaki kuharibu kuta za majengo. Waldorf nayo ilianza Stuttgart, Ujerumani, mwaka 1919, kwa ajili ya watoto wa wafanyakazi wa kiwanda cha sigara cha Waldorf-Astoria, jina limetoka hapohapo. Leo ukitaja majina hayo Dar au Nairobi mtu anafikiria mitaa ya matajiri, Masaki na Karen, lakini asili yake ni uswahilini.

Na cha kuzingatia ni kwamba hakuna hata moja kati ya hizo iliyobuniwa kwa ajili ya mtoto mwenye akili isiyo ya kawaida. Wote wale walikuwa wanajibu swali lingine: mtoto yeyote anajifunza vipi bila kuchapwa na bila kukariri. Ni swali zuri sana, nalikubali kwa moyo wote, ila sio swali lako wewe unayeishi na dogo wa miaka sita anayetaka kujua kwa nini namba chini ya sifuri zipo wakati huwezi kuzishika.

Sasa huyo dogo, ni wa tofauti kiasi gani? Hapa lazima tuongelee namba kidogo hata kama vipimo vya akili, vile vya IQ, vina kasoro zake. Wastani wa kipimo umewekwa 100. Wanaofika 130 ni kama watu 2 kwenye kila 100. Wanaofika 145 ni kama 1 kwenye 740. Ukifika 160 unaongelea 1 kwenye zaidi ya 30,000. Wote hao shuleni wanaitwa "watoto wenye vipaji" na wanawekwa kapu moja, wakati umbali wa kutoka 130 hadi 160 ni uleule wa kutoka 100 hadi 130. Kwa hiyo shule ikikuambia "usijali, tuna watoto wengi wenye akili", inawezekana kabisa wanasema ukweli na bado hawajawahi kumpokea mmoja kama wako. Leta Hollingworth, mwanasaikolojia aliyefanya kazi na watoto wa hivi New York miaka ya 1920 na 1930, aliona kwamba kwenye shule ya msingi ya kawaida mtoto wa 140 anapoteza nusu ya muda wake, na wa juu ya 170 anaupoteza karibu wote. Anakaa tu, ananyoosha mkono, hachaguliwi kwa sababu "wewe tunajua unajua".

Kuhusu vipimo vyenyewe, usiviabudu. Lewis Terman, mwanasaikolojia wa Marekani, alianza mwaka 1921 kule California kuwafuatilia watoto zaidi ya 1,500 waliochaguliwa kwa IQ, na kati ya waliopimwa wakaachwa kwa kutofikisha alama ni William Shockley na Luis Alvarez, ambao baadaye wote wawili walichukua Nobel ya fizikia. Halafu vipimo vingi vimetengenezwa kwa watoto wa Marekani na Uingereza, ukimpa mtoto wa Kigamboni anayeongea Kiswahili nyumbani maswali ya msamiati wa Kiingereza unapima kitu kingine kabisa. Kuna utafiti mmoja naupenda, walifanya wanasaikolojia akina Robert Sternberg na Elena Grigorenko na watoto wa shule za vijijini karibu na Bagamoyo hapahapa kwetu, matokeo yakachapishwa 2002. Waliwapa watoto majaribio ya akili, wakawafundisha mbinu kwa muda usiofika saa moja, wakawapa tena. Alama zilipanda vizuri, na aliyekuwa juu raundi ya kwanza si lazima ndiye aliyekuwa juu raundi ya pili. Yaani kilichokuwa kinafichwa na mtihani wa mara moja kilionekana pale mtoto alipofundishwa kitu.

Hilo lina matumizi ya moja kwa moja kwako. Shule ikitaka kumfanyia mtoto intavyuu, zile za "andika a mpaka z, taja rangi", waombe wafanye kingine: wamfundishe nusu saa kitu asichokijua kabisa, halafu waangalie anakimbia nacho wapi. Shule ambayo mwalimu wake analifurahia ombi hilo ina pointi. Ile inayokuambia "mzazi sisi tuna utaratibu wetu", nayo imekujibu.

Njia nyingine ya kumpima ni ya bei rahisi, unampa mtihani wa watoto wakubwa. Julian Stanley wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins alikutana na kijana wa Baltimore mwishoni mwa miaka ya 1960, Joseph Bates, mtihani wa darasa lake ulikuwa haumwambii mtu chochote kwa sababu anapata zote, akampa SAT, mtihani wa wanaoingia chuo, ndipo ikajulikana yuko wapi, akaanza chuo akiwa na miaka 13. Wewe huhitaji SAT. Chukua mtihani wa hesabu wa darasa la nne wa miaka iliyopita, mpe mwanao wa darasa la pili siku ya Jumapili ametulia, usimuelekeze. Akipata 30 kwa 100 ni taarifa. Akipata 85 ni taarifa kubwa zaidi, na karatasi hiyo ibebe siku ya kuonana na mwalimu wa taaluma, ina uzito kuliko "mwanangu ana akili sana" ambayo kila mzazi anasema.

Haya turudi kwenye shule, tuzichukue moja moja.

Montessori ni nzuri kwa hawa watoto kwa sababu moja ya msingi, kila mtoto anaenda kwa mwendo wake na darasa lina watoto wa miaka mitatu mpaka sita pamoja. Ukipata bahati ya kukaa pembeni uangalie, omba uone shanga za dhahabu. Mtoto wa miaka mitano anachukua sinia, anapanga mchemraba wa elfu, miraba ya mia, vijiti vya kumi na shanga moja moja, anatengeneza 2,346, mwenzake analeta 1,729, wanazimwaga pamoja kwenye mkeka. Shanga moja moja zinafika kumi na tano, kumi zinapelekwa "benki" zinabadilishwa na kijiti kimoja. Miraba ya mia ikifika kumi inageuka mchemraba mmoja wa elfu, na pale pa mia panabaki patupu kabisa, 4,075. Dogo ameiona sifuri kwa macho yake. Hakuna aliyemwambia "beba moja".

Sasa uliza: akishamaliza hizo? Hapo ndipo nimeona wazazi wengi wakiumia. Jina Montessori halina mwenyewe, yeyote anaweza kulipaka ukutani, na hata zile za kweli, zenye walimu waliosomea kwenye vyuo vya Montessori ambavyo kwetu vingi vinaendeshwa na masista, nyingi zinaishia chekechea. Hakuna darasa la miaka sita mpaka kumi na mbili. Kwa hiyo dogo amejumlisha maelfu akiwa na miaka mitano, akifika sita anahamishiwa English medium ya kawaida, anaanza na 3 + 2, tena anachapwa kwa kutokaa kimya. Kama shule inaishia chekechea, ada unayolipa ni ya miaka mitatu mizuri na mshtuko mmoja, panga mapema anaenda wapi baada ya hapo.

Waldorf, ambazo Dar kuna Hekima na Nairobi kuna ile ya Mbagathi, zina hadithi, muziki, kazi za mikono, na kwa utaratibu wao wa asili mwalimu mmoja anakaa na watoto walewale miaka mingi. Kwa mtoto mwenye hisia kali hiyo ni zawadi. Lakini kusoma rasmi wanaanza kama miaka saba, kwa makusudi kabisa, ndiyo falsafa yao. Kama wako alianza kusoma magazeti akiwa na minne, kaa na mwalimu muulize waziwazi, akija na kitabu chake mkononi itakuwaje? Wengine watakuambia atasoma tu hakuna shida. Wengine watakuangalia kama umemlisha mtoto kahawa.

IB nayo watu wanaiongelea kama kitu kimoja, wakati ile Diploma iliyoanza 1968, yenye insha ya utafiti ya maneno 4,000 na masomo ya ngazi ya juu, ni ya vijana wa miaka 16 na kuendelea. Ya shule ya msingi ni nyingine, ilianza 1997, imejengwa kwenye maswali mapana na projekti. Usilipie ya miaka 7 kwa sifa ya ile ya miaka 17. Kwenye projekti za vikundi mtoto mwenye akili sana anaishia mahali pawili, ama anafanya kazi yote wenzake wanapaka rangi, ama wenzake wanamchoka wanamwambia yeye apake rangi. Na hesabu mara nyingi zinabaki za darasa husika, kwa sababu walimu wanaogopa kuacha "pengo".

Hapa ndipo kuna ugomvi mkubwa kuliko yote, kurushwa darasa. Shule za mitihani zinakataa kwa sababu ya mfumo, upimaji wa darasa la nne una usajili wake na mtihani wa kumaliza una usajili wake, huwezi kumchomeka mtu katikati kirahisi. Shule za kisasa zinakataa kwa sababu ya imani: mtoto aachwe awe mtoto, acheze na wa umri wake, kwa nini unamkimbiza. Inasikika vizuri sana ukiwa umekaa kwenye kiti cha ofisini kwao. Lakini mtafiti Miraca Gross wa Australia aliwafuatilia watoto 60 wenye IQ ya 160 na kuendelea kwa zaidi ya miaka 20, na waliorushwa madarasa kadhaa kwa mpangilio ndio waliokuja kuwa na marafiki na furaha ya kusoma, wakati wengi wa waliolazimishwa kukaa na wa umri wao tu walipata shida hasa kwenye urafiki. Kinyume kabisa cha tunavyoogopa. Ukifikiria ina mantiki, mtoto wa miaka saba anayetaka kujadili kwa nini sheria ya mchezo haina haki hana wa kuongea naye kati ya wa saba, wa kumi atamuelewa.

Sisemi kila mtoto arushwe. Kuna kurushwa somo moja tu, hesabu anaenda darasa la tano saa mbili asubuhi halafu anarudi kwao. Hiyo inahitaji ratiba za madarasa mawili zikubaliane na mwalimu wa darasa la tano asione kero, na ni hapo utajua kama "tunamfuata mtoto" ni maneno ya brosha au ni ratiba kweli.

Kitu kingine, akili na umri wa hisia haviendi sambamba. Huyohuyo aliyekueleza mashimo meusi ya angani atalia nusu saa kwa sababu kuna mtu kakaa kwenye kiti chake. Na wengi wanapenda ukamilifu mpaka wanaumia, mstari ukipinda kidogo karatasi inachanwa. Hapa mimi nazipa shule za kisasa maksi zao zote. Mtoto ambaye tangu chekechea anashika namba moja bila jasho anajenga utu wake juu ya hiyo namba, siku anakutana na kitu kigumu, pengine kidato cha tatu, hajawahi kushindwa hata mara moja, hajui inafanywaje. Shule isiyo na namba inampa nafasi ya kukosea akiwa mdogo, bei ikiwa ndogo. Sharti lake ni kwamba kazi iwe ngumu ya kumkosesha. Bila ugumu, kuondoa namba hakujamsaidia kitu, amepumzika tu. Hata NECTA, baraza la mitihani la Tanzania, wenyewe kuanzia 2023 waliacha kutangaza shule kumi bora na wanafunzi kumi bora, ila sijaona mtaani kwetu kama homa imeshuka.

Kuna watakaosema mbona serikali inazo shule za vipaji maalum, Ilboru, Mzumbe, Kibaha, Tabora Boys, Kilakala, Msalato, kwa nini nihangaike na ada. Ni kweli na ni hazina. Waulize waliosoma Ilboru au Kilakala nini kiliwasaidia, wachache watataja maabara au mbinu ya kufundisha, wengi watakuambia kwa mara ya kwanza walikaa bweni moja na watu wanaobishana fizikia saa sita usiku bila mwalimu. Tatizo ni kwamba unaingia baada ya mtihani wa kumaliza msingi, mtoto yuko kwenye miaka 13. Miaka yote ya kabla ya hapo unajitegemea, na ndiyo miaka ambayo mtoto anaamua kama shule ni mahali pa kufikiri au mahali pa kusubiri kengele. Kenya sheria yao ya elimu ya msingi ya 2013 imewataja watoto wenye vipaji vikubwa kwenye kundi la wanaohitaji elimu maalum, jambo zuri kwenye karatasi, na mtaala wao wa umilisi unaongea sana kuhusu kipaji cha kila mtoto, lakini mzazi wa Nairobi anazunguka na maswali yaleyale ya mzazi wa Mbezi.

Kwa hiyo siku ya kutembelea shule, achana na bwawa la kuogelea. Omba kuona daftari au kazi ya mtoto aliye mbele zaidi darasani, ulinganishe na ya wa katikati. Zikiwa sawasawa kasoro mwandiko, basi dari la darasa ni hilohilo kwa wote. Muulize mwalimu, sio mkurugenzi, mwalimu atakayekuwa naye: mtoto akimaliza kazi dakika kumi kabla ya wenzake anafanya nini? "Anamsaidia mwenzake" ni jibu zuri likitokea mara moja moja, likiwa ndiyo jibu pekee unalipa ada mwanao awe mwalimu msaidizi. "Tunampa maswali ya ziada" maana yake maswali ishirini ya aina ileile. Ukisikia "kuna mmoja mwaka jana tulimpeleka darasa la juu kwa hesabu, akawa anakuja na maswali yananishinda, nikaenda kuuliza kwa mwenzangu wa sekondari", kaa chini hapohapo, huyo mwalimu ana thamani kuliko falsafa yoyote ya ukutani. Mimi ningemchagua huyo hata kama shule ina madarasa ya mabati.

Hela nayo. Shule za kimataifa za juu hapa Dar, ukifika sekondari ada inapita dola 20,000 kwa mwaka, na mtoto hakai mwaka mmoja. Ukiishia katikati ukamrudisha mfumo wa taifa kuna Kiswahili cha kuandika na kuna historia ambayo hajawahi kuisikia. Vyeti vya nje NECTA wanavifanyia ulinganifu, hilo linawezekana, ila ni la baadaye, kubadilisha mtaala akiwa na miaka kumi ndiyo kazi. Kuna zenye ufadhili wa kweli kwa wanaostahili, Aga Khan Academy ya Mombasa iliyofunguliwa 2003 inaangalia uwezo wa mtoto kwanza kisha uwezo wa familia, na shule ya kimataifa ya Moshi, ambayo tangu 2019 ni UWC East Africa, ina nafasi za vijana wa miaka miwili ya mwisho kupitia kamati za UWC za kila nchi. Kwa huyu wa miaka sita bado ni mbali, ila zijue.

Na kama umeshaamua, usilipe mwaka mzima kwa punguzo la asilimia chache. Lipa muhula. Omba kikao wiki ya sita uulize amejifunza nini ambacho alikuwa hakijui siku anaingia, utajiwe vitu, sio "anaendelea vizuri". Fomu ya kujiunga isome mpaka ukurasa wa mwisho, pale panaposema ukitaka kumhamisha utoe taarifa muhula mmoja kabla la sivyo unaulipia, maana barua hiyo ikichelewa wiki mbili unaweza kujikuta unalipa ada sehemu mbili kwa mtoto mmoja.